Jina Litakuja

Jumatatu

Mvua ya usiku imeacha madimbwi mpaka mlangoni. Keshi ipo ya kutosha, floti, yaani pesa ya kwenye simu, ni ndogo, kwa hiyo anayetaka kutoa leo ana bahati na anayetaka kuweka itabidi avumilie mpaka wakala mkuu wa Pangani anijaze.

Mteja wa kwanza kijana wa kazi za barabara, suruali imekunjwa hadi magotini, tope jekundu limekauka kwenye viwiko. Anataka kutoa 40,000. Nikamtajia namba ya uwakala, akabonyeza, akageukia ukuta kuweka namba ya siri. Ujumbe ukaingia kwangu. Jina lililokuja ni la mwanamke.

"Kaka, laini hii ya nani?"

"Ya shangazi yangu, yuko Handeni."

Nikaomba kitambulisho. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, anayo, kadi haijatoka. Nikamwomba anipe namba nyingine ya shangazi yake, nikapiga. Mama akapokea kwa sauti ya mtu aliyeko shambani, nikajitambulisha, nikamwuliza kama ana mtoto wa kaka yake huku Mwera. Akanitajia jina lake, la baba yake, na alama ya kovu kwenye nyusi. Kisha akaomba aongee naye, na kijana akasimama pale dirishani akiulizwa kama amekula na kwa nini hajaoga. Foleni nyuma yake ikasikiliza yote. Nikaandika majina mawili kwenye daftari, la mwenye laini na la aliyechukua pesa, akasaini.

Muamala mmoja umekula robo saa. Kamisheni yake haifiki bei ya soda.

Hali hii ina chanzo chake. Mwaka 2019 tuliambiwa tusajili laini upya kwa alama za vidole, na huwezi kusajili bila namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Watu walipanga foleni kuanzia alfajiri, na waliokuwa hawajapata namba waliona simu zao zinakaribia kuzimwa. Wakafanya ambalo ndugu hufanyiana: mwenye namba akaweka kidole kwa ajili ya asiye nayo. Shangazi mmoja akawa na laini za ukoo mzima. Leo ukipiga *106# unaweza kukuta laini ambazo hukumbuki ulimsajilia nani. Serikali ilitaka kila namba iwe na mtu, na ina mtu kweli, ila si lazima awe yule aliyesimama mbele yangu.

Ujenzi wa barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo, na lile daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, umetuletea wageni wengi: madereva wa malori, walinzi, wapishi wa kambi, vibarua wa zege. Wanakaa miezi, wanahamishwa. Zamani mteja wangu nilimjua babu yake. Hawa nawajua kwa sura, na wengine wanaondoka kabla sura haijakaa kichwani. Wanalipa vizuri na hawana maneno. Nawapenda wateja hawa, nasema kweli, na ningependa kuwajua majina.

Jumanne

Saa nne asubuhi simu imeita. Sauti ya kijana mpole, Kiswahili cha ofisini.

"Habari za kazi, wakala wetu. Unaongea na makao makuu, kitengo cha kuboresha huduma."

Akanitajia jina langu lote. Akataja namba yangu ya uwakala bila kukosea hata tarakimu. Akasema laini yangu ina hitilafu, itafungwa mchana, ila tukishirikiana ataiokoa sasa hivi. Nibonyeze alama ya nyota, kisha namba atakazonisomea. Nyuma yake nilisikia jogoo. Nikamwambia, "Mwanangu, niandikie kwanza jina lako na ofisi yako, nitakupigia mwenyewe." Akasema muda hauruhusu. Nikarudia. Akakata.

Yeye ana jina langu na namba yangu ya uwakala. Mimi sina chake hata kimoja. Nikaituma namba ile kwenda 15040, ndipo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inapopokea namba za matapeli, halafu nikaendelea kupima sukari ya kuuza dukani.

Kabla ya adhuhuri akaja jirani yangu, yule mama anayekaanga mihogo chini ya mwembe. Amefunga kanga mbiombio, mkononi ana 25,000 na simu. "Nitumie hapa haraka, kaka yangu yuko Muheza, anampeleka mtoto hospitali." Akanionyesha ujumbe. Kila mtu nchini amewahi kuupata: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani.

"Umeongea naye kwa sauti?"

"Asubuhi tumeongea, nikamwambia natuma. Ndiyo huu ujumbe wake."

"Asubuhi alikupigia kwa namba gani?"

Tukatafuta. Namba tofauti. Nikampigia kaka yake kwa ile ya asubuhi: yuko stendi, mtoto mapajani, hajabadilisha laini, hajatuma ujumbe wowote. Yule mama akakaa kwenye kreti, akainuka, akakaa tena. Hakumkasirikia tapeli tu, alikasirikia na muda wenyewe, kwamba ujumbe umekuja saa ileile aliyotoa pesa sandukuni. Akaanza kusema kuna mtu anamsikiliza.

Nilimweleza ninavyoelewa mimi. Hakuna anayemsikiliza. Ujumbe ule unarushwa kwa maelfu ya namba bila mrushaji kujua ni za nani. Wengi wanaufuta. Lakini katika nchi hii, saa yoyote ile, kuna mtu yuko njiani kwenda kumtumia ndugu yake pesa: ada, nauli, dawa, mchango wa msiba. Tapeli hahitaji kumjua. Anahitaji tu huyo mmoja aupokee ujumbe akiwa na noti mkononi, aone mambo yamelingana. Kinachoibiwa hapo ni ule moyo wetu wa kutumiana, ndiyo maana nauchukia wizi huu kuliko wa kuvunja mlango. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa majaribio ya namna hii. Rukwa ni mbali na mwembe wetu. Mtu akiwa huko hamuoni mama huyu akikaa na kuinuka.

Pesa tukaituma kwenye namba ya asubuhi. Jina lililokuja ni la kaka yake. Mihogo ilikuwa imeungua.

Jumatano

Gari moja kubwa limesimama, limetoka upande wa Saadani, vumbi mpaka kwenye vioo. Wameshuka watu, wakaomba soda baridi na biskuti. Heshima tele, shikamoo kwa mzee aliyekuwa kwenye benchi, wamelipa kwa Lipa Namba, jina lililokuja ni la kampuni ya utalii. Wakaondoka na chupa.

Binti wa dada yangu alikimbia nyuma ya gari akipunga mkono. Walimpungia pia.

Mtu asiye na duka haelewi uzito wa chupa. Kreti ina chupa 24, na muuza jumla akija hapokei kreti yenye pengo. Kila chupa isiyorudi nailipia mimi. Mteja wa kijijini akienda na chupa, jioni namkuta nyumbani kwake, au mtoto wake anairudisha akitoka chuo cha Kurani. Mteja wa gari sina pa kumkuta. Nimeamua toka leo, asiyejulikana atakunywa hapahapa au ataweka amana ya chupa, arudishiwe akirudisha. Nimeandika kwa kalamu nene, nikabandika. Mzee wa kwenye benchi amesema maandishi yale yanafukuza wageni. Nimemwambia mgeni muungwana hafukuzwi na utaratibu ulio wazi, na tumebishana mpaka magharibi.

Wakati wa kufagia tumekuta pochi chini ya benchi. Ya kitambaa cha kanga iliyokwisha rangi, imeshonwa kwa mkono, zipu imekufa ikafungwa kwa mpira. Nimeifungua mbele ya binti na mbele ya mzee, ili kuwe na mashahidi. Ndani: 83,000, noti za elfu kumi zimekunjwa pamoja na ndogo zimeviringishwa, tiketi ya kivuko imelowa mpaka wino umetawanyika, kipande cha udi ndani ya karatasi ya daftari, na kifungo cheupe cha shati, matundu manne, uzi bado umo.

Hakuna kitambulisho, picha wala namba ya simu. Nimefungua daftari la miamala la leo kutafuta nani alikuwepo. Lina majina. Nusu ya majina hayo ni ya mashangazi wa watu.

Nimeagiza nyumba yangu isiseme kilichomo ndani ya pochi kwa mtu yeyote. Nimeitia kwenye kopo la majani ya chai, nikalifunga kabatini.

Alhamisi

Wavuvi wa dago wameanza kudai na kudaiwa. Wanatoka Unguja, Pemba na kwingineko kufuata samaki, wanapiga kambi Ushongo na Kipumbwi, na maji yakibadilika wanahama. Wanachukua mchele, mafuta, sigara, betri za tochi, wanalipa wakiuza samaki. Hawasemi majina, wana lakabu tu, na lakabu zinafanana boti kwa boti.

Daftari la madeni analiandika binti, nami nimelisoma leo kwa makini:

Mrefu wa boti ya bluu, 12,000. Baba wa mapacha, 4,500. Kijana anayecheka, 7,000. Mpemba wa pili, 9,000. Yule wa jana, 3,000.

Nikamwuliza huyu wa jana ni yupi. Akasema aliyekuja baada ya wa juzi. Hakuwa anafanya mzaha. Anawakumbuka kwa mpangilio, kichwani mwake ni watu kamili. Shida ni kwamba kichwa chake hakisomeki na mtu mwingine. Kijana anayecheka amekuja mchana, na leo hacheki, jino linamuuma, basi binti akakataa kwamba ni yeye. Walibishana nikiwa napima unga. Mwishowe akafungua mdomo kuonyesha jino, akacheka kwa uchungu, binti akamtambua, deni likalipwa.

Mrefu wa boti ya bluu ni kazi kubwa zaidi. Boti za bluu ni mbili na warefu wametosha. Hapo ndipo nilipomtuma mtu kwa nahodha, na nahodha akaja mwenyewe, ana kikoi na simu ya tochi. "Bibi, huyo ni wangu. Niandikie mimi." Akatoa 12,000, akanitajia jina la kijana, la baba yake na kisiwa chake. Sikuuliza yote hayo. Aliyataja kwa sababu kwao mtu hakamiliki mpaka yatajwe.

Ndivyo pwani hii ilivyofanya biashara na watu wa mbali tangu enzi za majahazi ya msimu. Muuza duka hakumjua baharia, alimjua nahodha, na nahodha alikuwa na jina la kupoteza. Mgeni hakuwa mtu wa kuogopwa, maana kulikuwa na mtu wa kusema "huyu ni wangu". Nami wageni wanaosimama mbele ya dirisha langu sijawaogopa. Katika kazi hii, walioniumiza ni wale ambao sikuwahi kuwaona. Kwenye simu hakuna nahodha. Kuna jina linalokuja, halafu basi.

Kuanzia leo madeni ya dago yanaandikwa kwa nahodha. Nimempa binti daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ameandika majina ya manahodha kwa mwandiko mzuri. Pembeni, kwa herufi ndogo, ameandika: anayecheka.

Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa imamu ametangaza kwamba kuna pochi imeokotwa dukani kwa wakala, mwenye nayo aje na alama zake. Nilimwomba asitaje rangi.

Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Wote niliwauliza swali moja: ukiacha pesa, ndani kuna nini?

Bwana mmoja alisema ni ya ngozi nyeusi, ina leseni. Kijana wa bodaboda alisema ina laki mbili, akashusha hadi laki, akashusha tena nikiwa nimenyamaza tu. Mama mmoja alisema kuna picha ya marehemu mumewe, akaanza kulia, na huyo najua hakudanganya. Amepoteza pochi kweli, ila si hii, nami sikuwa na la kumpa zaidi ya kiti na maji. Mwanafunzi akasema amesikia kuna pochi, akataka kujua kama mtu asipotokea itakuwaje. Nikamwambia itakaa.

Binti aliniuliza kwa nini nasumbuka hivi, wakati pesa haina jina. Nikamwambia ndiyo sababu yenyewe. Pesa yenye jina ingejirudisha.

Alasiri akaja mama mtu mzima kutoka Kipumbwi, ana ndoo ya dagaa mkononi, ameshuka kwenye pikipiki iliyomtia tope. Alikuwa hajasikia tangazo lolote. Alikuja kununua chumvi. Aliponunua akalipa kwa sarafu alizofunga kwenye pindo la kanga, akasema, kama anayesema habari za mvua, kwamba juzi ameangusha pesa yote ya dagaa na hajui ni kwenye kivuko au wapi.

"Pole mama. Ilikuwa ndani ya nini?"

"Kijipochi nilishona mwenyewe."

"Ukiacha pesa, kulikuwa na nini?"

Akafikiri. "Udi kidogo. Na kifungo."

"Kifungo cha nini?"

"Cha shati la mwanangu la shule. Nilikuwa nakwenda nacho madukani nipate kinachofanana. Vya siku hizi vina matundu mawili, hicho kina manne."

Nikaleta kopo. Alihesabu pesa mara moja, akachukua kifungo, akakitazama upande huu na huu kuona kama hakikuvunjika. Alitaka kunipa 10,000. Nimekataa, akaniachia dagaa wa kujaza sahani, hao sikukataa. Nikamwuliza jina, nikaliandika mwisho wa daftari, na chini yake jina la kijiji chake na jirani anayemjua huku Mwera. Nikamshonea na namba yake ya simu ndani ya pochi, kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kwa uzi mweusi. Alisubiri nimalize, akikosoa mshono wangu.

Jumamosi

Mwisho wa mwezi. Wakata mkonge wamepata mshahara, foleni imefika kwenye mnazi.

Babu mmoja ambaye nampenda sana amekuja na simu imefungwa kwenye leso. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu. Anatoa 30,000. Jina lililokuja ni la kijana wa mjini Tanga, mtoto wa binti yake. Yeye namba ya NIDA anayo. Kilichomshinda ni kidole. Amekata mkonge tangu ujana, miaka ya miiba na ya yale maji yake yanayowasha ngozi, na vidole vimelainika. Wasajili walivifuta kwa kitambaa, wakavipaka mafuta, wakajaribu cha mkono wa pili. Mashine ikasema hakuna mtu.

Alinionyesha vidole hivyo dirishani, akaviweka juu ya kaunta kama mtu anayeonyesha bidhaa. Vinang'aa. Unaona kucha na mikunjo ya viungo, lakini pale kwenye ncha, panapotakiwa mistari, pamenyooka kama karatasi.

Baba yake alitoka Songea. Alikuja kwa kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi: kila ukimaliza ngwe yako msimamizi anatia alama, na kadi isipojaa hakuna mshahara. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowaleta watu kwa maelfu kutoka kusini, kutoka Kigoma, hata kutoka Ruanda-Urundi. Watu wa huku wakawaita manamba, maana shamba liliwahesabu kwa namba. Babu anasema baba yake alipokufa walimkabidhi mama blanketi, na msimamizi alipoulizwa marehemu ni yupi alitaja tarakimu.

Na mkonge wenyewe ulianzia kwa majirani zetu, Kikogwe, upande huuhuu wa kusini mwa mto. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62. Idadi hiyo hutajwa mara kwa mara katika habari za mkonge wa Tanga, miche 62, kwa usahihi huo. Sijawahi kusoma popote jina la hata mtu mmoja aliyechimba mashimo ya kuipanda. Wapo waliochimba. Inawezekana wana wajukuu kwenye foleni yangu.

Baba alikuwa namba. Mwana amekuwa jina la mjukuu wake. Nimemwambia babu kwamba mimi kwenye daftari langu naandika la kwake, na nimeliandika kwa herufi kubwa, ukoo wote, akaniongoza tahajia ya Kingoni mpaka akaridhika. Haina nguvu kisheria. Siku kampuni ikileta swali kuhusu laini ile, daftari litaonyesha pesa ilikwenda mkononi mwa nani.

Jioni, foleni imeisha, akaja bodaboda kutoka Ushongo na 65,000 ndani ya mfuko wa plastiki, na namba imeandikwa kwenye kipande cha pakiti ya sigara. Ni ya baharia mmoja, anamwekea mke wake. Nikaingiza namba, jina likaja, nikalisoma kwa sauti. Bodaboda hamjui mke wa baharia. Nikamwambia ampigie. Alipopatikana, upepo mwingi, akasema: "Laini ya mke wangu imesajiliwa na mtu mwingine, jina lolote likija ni hilohilo, weka." Nikamsomea na namba, tarakimu kwa tarakimu. Akasema ndiyo. Bodaboda akasaini. Nikaweka.

Saa mbili usiku baharia akapiga. Mke hajaona kitu. Tarakimu ya mwisho kwenye ile pakiti ni saba, na ya mke wake ni moja.

Jumapili

Nilipiga huduma kwa wateja usiku uleule, nikawapa namba ya muamala. Wamesema wataizuia pesa kama haijatolewa, na watawasiliana na aliyeipokea. Baharia amekuja mwenyewe alfajiri kwa miguu, amekaa kwenye benchi. Hanilaumu. Analaumu kalamu.

Saa tatu tukampigia yule aliyeipokea. Mwanamke, sauti ya umri wangu. Nikasalimu, nikajitambulisha, nikamweleza: dada, jana jioni imeingia 65,000 kimakosa.

"Nimeiona," akasema. "Sijaigusa."

Baharia akanyanyua mikono kumshukuru Mungu.

"Basi dada, naomba uirudishe kwenye namba hii ninayokupigia."

"Hapo hapana."

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayejibu mkwe. Mwaka jana alipigiwa simu ya namna hiyohiyo: pesa imeingia kwako kimakosa, tafadhali irudishe. Akaonyeshwa na ujumbe. Akarudisha. Kumbe ujumbe ulikuwa wa uongo, pesa haikuwahi kuingia, aliyoirudisha ilikuwa ada ya mtoto. "Leo nimeangalia salio, kweli imo. Lakini wewe sikujui. Nikiirudisha kwako, kesho akaja mwingine na kusema ni yake, nitamjibu nini? Kampuni waitoe wenyewe. Mimi sitaigusa."

Nilitaka kumbishia na sikuwa na hoja. Maneno aliyoyasema ndiyo ninayomwambia kila siku mama wa mihogo. Jumanne nilimkatalia kijana aliyejiita makao makuu. Leo mimi ndiye sauti isiyo na uso, inayotaja kiasi kamili na kuomba pesa itumwe. Matapeli wametuachia hali hii: mkweli na mwongo wanapiga simu moja, kwa maneno yaleyale, na asiyetaka kuibiwa hana budi kuwakatalia wote wawili. Hasara ya 65,000 inaweza kurudi. Ile ya watu wawili wakweli kutoweza kumaliza jambo dogo kama hili wao kwa wao, hiyo sijui anarudishiwa nani.

Nikamwambia, "Dada, uko sahihi kabisa. Usiiguse, na usimpe mwingine yeyote. Wakikupigia, waulize namba ya muamala kwanza." Nikamsomea namba yenyewe, akaiandika. Nilimsikia akimwambia mtoto alete kalamu nyingine, hiyo haiandiki.

Akaniuliza niko wapi. Nikamwambia Mwera, Pangani, upande wa pili wa kivuko. Yeye yuko Masasi, anauza vitenge, na ana shida ileile ya wateja wa simu: wanaagiza, anafunga mzigo, wanazima. Tukaongea habari hiyo mpaka salio langu likaisha, akapiga yeye.

Baharia amerudi Ushongo kuangalia maji. Nimemkopesha 20,000 amtumie mke wake ya chakula, safari hii kwa namba aliyoisoma mke mwenyewe kwenye simu. Nimeandika deni kwa nahodha wake. Kampuni imesema jibu ni ndani ya siku za kazi, na leo si siku ya kazi, kwa hiyo kesho nikifungua nitaanza na simu hiyo kabla ya foleni.